Uzi: Tumezaliwa kwenye joto, twaenda kulala kwenye baridi ya Mlima Kenya. Ninunue nini zaidi?

Mwana_Kisauni

Assalam alaikum na habari zenu wadau wote. Nimesoma huku na huku mpaka macho yamechoka nikaona bora niulize watu wa kwetu, manake wengi wanaoandika haya mambo wamezaliwa kwenye baridi, hawamjui mtu aliyekulia Kisauni analala na feni imefunguliwa mpaka mwisho na bado shuka asubuhi limelowa jasho. Mtu kama huyo ukimwambia nyuzi sifuri hana picha yoyote kichwani.

Mambo yako hivi. Tuko wanne, wote wa Mombasa, na mmoja wetu tu ndo ashawahi kufika Nanyuki. Twapanda Mlima Kenya mwezi wa kwanza, siku tano. Twaingia lango la Sirimon, twalala kambi ya Old Moses, alafu kambi ya Shipton siku mbili, alafu inshallah kilele cha Lenana na kurudi njia ile ile. Mwongozaji tushapata, ni mtu wa kule kule na ana kibali. Twalala kwa matenti yetu na mizigo twabeba wenyewe.

Nilivyo navyo: begi la lita 60, viatu vya kupandia, tenti ya watu wawili, slipingi begi imeandikwa -5, tochi ya kichwa, sweta mbili, jinzi, tisheti za pamba kama sita, na kikoi. Imebaki elfu kumi na tano. Shemeji yangu asema pesa zote ziishie kwenye jaketi moja kubwa la maana. Mwenzangu ashikilia ninunue viatu vingine. Duka moja la Nairobi nililolipigia simu waliniambia bila slipingi begi mpya nitakufa, na hiyo yao bei yake ni mara mbili ya pesa nilizo nazo. Kila mtu ana lake. Nyinyi mlioenda, pesa ya kwanza mliweka wapi?

Binti_Majengo

Waalaikum salam mdogo wangu. Mimi nshapanda mara tatu. Mara ya kwanza niliteseka, mara mbili zilizofuata nimelala kama mtoto mchanga, na tofauti haikuwa jaketi. Pesa ya kwanza weka chini ya mgongo wako. Ntakueleza kwa nini, nisome mpaka mwisho tafadhali.

Anza na hesabu. Kila ukipanda mita 1,000 joto lashuka kama nyuzi sita na nusu. Wewe uko usawa wa bahari na mwezi wa kwanza ni kaskazi, ukichanganya usiku na mchana ni kama nyuzi 28. Shipton iko karibu mita 4,200. Piga mwenyewe, umepoteza nyuzi 27, umebaki na moja. Na hiyo ni wastani, mchana jua lakuchoma mpaka pua yababuka, usiku mbingu ikiwa safi hushuka chini ya sifuri na maji uliyoacha kwenye sufuria asubuhi ni kioo. Lenana ni mita 4,985 na utafika kabla ya jua kuchomoza, na upepo.

Sasa kisa changu. Kampuni iliyotupeleka ilinikodisha slipingi begi nene nzuri tu, chini mimi nikaweka mkeka wa mazoezi nilionunua mjini kwa sababu ulikuwa mwepesi na wajikunja vizuri. Saa nne usiku nilikuwa sawa. Saa saba nikazinduka nikadhani tenti yavuja, mgongo mzima na nyonga nahisi ni maji. Nikapapasa kwa mkono, pakavu. Ilikuwa baridi ya ardhi. Nikavaa kila kitu, sweta, jaketi, mpaka reinkoti, kifua kikawa chatoa jasho na mgongo uko vile vile kama nimelala juu ya sanduku la samaki la barafu. Mwisho nikamwaga vitu vyote kwenye begi nikatandika begi lenyewe chini ya kiuno, na taulo, na kamba, nikakaa kitako nikiitazama zipu ya tenti mpaka saa nane u nusu walipokuja kutuamsha twende Lenana. Sikufika. Miguu ilitaka, lakini mwili haukuwa na nguvu, usiku kucha ulikuwa ukipasha ardhi moto.

Sababu yake ni hii. Slipingi begi haina joto lake, joto ni la mwili wako. Kazi ya yale manyoya au ile nyuzi ndani yake ni kushika hewa itulie. Ukilala juu yake upande wa chini wabanwa na uzito wako, hewa yote yatoka, kati yako na mawe pamebaki vitambaa viwili tu. Ndo maana hata uvae majaketi matatu kifuani mgongo hausaidiki.

Mikeka ya kulalia huandikwa namba ya R, kadiri ilivyo kubwa ndivyo inavyozuia baridi. Tangu 2020 makampuni mengi yaipima kwa njia moja kwa hiyo waweza kulinganisha huyu na yule. Mkeka wa sponji wa kukunja huwa kama 2, wa kulala juu ya theluji watu hutaka kuanzia 4 au 5. Na uzuri wa namba hii yajumlishwa. Sponji ya 2 chini, juu yake wa kujaza upepo wa 3, ushapata 5 na hujamaliza pesa. Alafu ukipata tundu ule wa upepo hujabaki na ardhi tupu, bado una sponji. Sponji hiyo hiyo mchana wakalia mkipumzika kwenye mawe.

La pili ni pamba. Hizo tisheti sita ziache, na jinzi iache kabisa. Sisi huku pamba ni rafiki manake yashika jasho na upepo wa bahari wakupooza. Kule ni adui kwa sababu hiyo hiyo. Utapanda kwa jasho, mkisimama dakika tano tisheti yako ni kitambaa cha maji baridi kimekukumbatia, na haikauki mpaka jioni. Chukua zile jezi za mpira za poliesta, bei rahisi, zatosha kabisa kwa ndani. Ukipata ya sufu nzuri zaidi.

Na la tatu ambalo halina bei: seti moja ya nguo za kulalia, soksi, suruali ya ndani, shati la mikono mirefu na boshori, zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na usizivae mchana hata iweje. Hata kama umelowa chapa chapa, wavumilia mpaka tenti isimame ndo wabadilisha. Mwongozaji wetu wa mara ya pili alitukagua mifuko hiyo langoni mmoja mmoja kama mwalimu, na Mungu amzidishie.

Mwana_Kisauni

Dada nimesoma mara mbili, ahsante sana, wallahi hakuna aliyenigusia mgongo. Lakini slipingi begi yangu si imeandikwa -5? Hiyo haitoshi?

Binti_Majengo

Itazame vizuri lebo, kwa kawaida namba huwa tatu. Kuna ya kulala raha, kuna ya mwisho wa kuvumilia ukijikunja, na kuna ya kuokoa roho tu. Wauzaji wengi huandika kwa herufi kubwa ile ya pili au hata ya tatu kwa sababu yavutia. Wewe fuata ile ya kulala raha, na sisi tuliozoea joto ongeza tena nyuzi kama tano za tahadhari. Nitumie picha ya lebo.

Mwana_Kisauni

Nimeitazama sahizi. Raha ni +1. Mwisho ni -5. Ya tatu ni -21. Kumbe.

Binti_Majengo

Basi si mbaya, usinunue mpya. Ongeza shuka la ndani la flisi, waweza kumshonesha fundi hata kwa blanketi la flisi, likunjwe katikati lishonwe upande na chini kama mfuko wa mto. Na usiku jaza chupa ya maji ya moto, ifunge vizuri, itie ndani ya soksi uiweke kati ya mapaja. Yafika asubuhi bado vuguvugu na una maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

Beli_Kongowea

Wadau salamu. Mimi nauza mitumba Kongowea mwaka wa kumi na moja, naomba nichangie upande wangu. Usiende dukani kwa jaketi! Nguo za baridi kali hutufikia ndani ya beli zimechanganyika na nyinginezo na hapa Mombasa hazina mtu. Nikifungua beli ya majaketi wateja wa kamera, wale wachaguao kwanza, wachukua vitambaa vyepesi vya mvua na vya mtindo, yale manene yabaki mpaka yaingia fagia, yaani mabaki ya mwisho. Nshauza jaketi la manyoya ya bata safi kabisa kwa mia tano mtu wa Nairobi akaniambia kwao angelilipa mara nne.

Namna ya kuchagua. Likunje ulibane kwa ngumi mbili, uliachie, hesabu mpaka kumi. La manyoya mazuri lafura lenyewe kama mkate wa kumimina. Likibaki limelala au ukisikia madonge kwenye vyumba vya mshono, lishafuliwa vibaya, liache. Linyanyue kwenye jua, ukiona mwanga wapita katikati ya chumba manyoya yameshuka chini. Linuse kwapani na kwenye kola, harufu ya uvundo haitoki. Na tazama zipu kwanza kabla ya yote, manake zipu mbovu kule juu ni shida na fundi hayupo.

Kama ni la nyuzi za kutengeneza usilidharau. Manyoya yakilowa yanywea, hayana kazi tena mpaka yakauke. Nyuzi hata zikilowa zabaki na kazi kidogo. Ni zito zaidi na lakula nafasi kwenye begi lakini kwa mara ya kwanza na kwa bei ya mtumba mimi ningelichukua hilo bila wasiwasi.

Sasa viatu, na hapa nisikize sana kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumuuzia mtu akarudi akilia na nikamrudishia pesa. Viatu vingi vya mlima soli yake ya katikati, ile laini ya kukanyagia, ni aina ya plastiki ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu yaoza yenyewe, hata kama kiatu hakijavaliwa. Juu ngozi yang'aa kama jana, chini ni kama biskuti iliyoloa chai. Mwanamume huyo alitoka kwangu na viatu vizuri machoni, siku ya pili ya safari soli zote mbili zikabanduka akatembea amezifunga kwa kamba. Mombasa ni mahali pabaya zaidi kuweka viatu hivyo manake sisi tuna vyote, joto na unyevu. Kwa hiyo bonyeza kwa kucha ule mstari wa katikati pande zote. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au kidole chaacha shimo, au unga unga wabaki mkononi, kiache hata upewe bure. Na hivyo ulivyo navyo Mwana_Kisauni, umeviweka miaka mingapi?

Mwana_Kisauni

Alinipa binamu yangu, vilikuwa chini ya kitanda chake tangu arudi Uingereza, miaka saba hivi. Ntavitazama usiku huu.

Mla_Mofa_Norwei

Nimeuona uzi huu nikiwa kazini nikafurahi mpaka nikasimama. Mimi ni wa Kibokoni, mwaka wa sita niko Norwei, na wenzangu wa huku walinifundisha kulala nje wakati wa theluji. Niseme tofauti ili usije ukanunua vitu vya huku usivyovihitaji, manake ukisoma makala nyingi za baridi zaongelea huku.

Huku vigingi vya tenti vya kawaida havishiki kwenye theluji laini, twajaza theluji kwenye vifuko vya kitambaa, twafunga kamba twavifukia. Twabeba koleo la kuchimbia. Jiko twaliweka juu ya kipande cha ubao lisizame. Kaskazini kabisa mwezi wa kwanza jua halichomozi, kwa hiyo betri za tochi ni uhai. Na kuna maporomoko ya theluji ambayo mtu asomea kabisa kabla ya kutoka. Wewe hivyo vyote achana navyo, isipokuwa betri. Kule kwenu mwezi wa kwanza ni msimu wa ukavu, siku zina saa kumi na mbili, na usiku mmoja wa baridi wafuatwa na jua.

Vya kuchukua kutoka kwetu ni hivi. Glavu mbili, sio moja nene. Nyembamba ya ndani ambayo waweza kufungia zipu na kushika simu, na juu yake kubwa ya vidole pamoja, vidole vikikaa chumba kimoja vyapashana moto. Ukivua ile nyembamba kufunga kamba ya kiatu mara moja tu kwenye upepo utanikumbuka. Chupa ya mdomo mpana, na usiku iweke kichwa chini miguu juu, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu, asubuhi ukiigeuza mdomo uko wazi. Ile mifuko ya maji yenye mrija mdomoni mrija waganda kwanza, usiutegemee alfajiri. Simu na betri lala nazo ndani ya slipingi begi. Betri ya baridi yaonyesha imekwisha na kumbe ina chaji, ipashe mwilini yarudi. Na miwani ya jua ya kweli, kwa sababu kwenye barafu na theluji jua lapiga kutoka juu na kutoka chini.

Viatu visibane. Watu waongeza soksi ya pili nene kwenye kiatu cha saizi yao, damu yashindwa kupita, vidole vyapoa zaidi kuliko angelivaa moja. Ukinunua kiatu kijaribu jioni miguu ikiwa imevimba na uwe na soksi zile zile za safari.

Na jingine, huku wengine hutia miguu kwenye mifuko ya plastiki ndani ya kiatu ili soksi zisilowe jasho. Kwenu usifanye hivyo, juala limekatazwa Kenya tangu 2017, na plastiki za kutumia mara moja haziingii mbuga za taifa tangu mwezi wa sita 2020, pamoja na chupa za maji za dukani. Nunua mifuko ile ya mabaharia isiyopita maji, Mombasa yapatikana kwa wauza vifaa vya boti.

Shamba_Bwana

Mie nauliza tu, mbona wasibebe jiko dogo la makaa, wakae nalo ndani ya tenti nusu saa kabla ya kulala? Si wataota moto vizuri.

Fundi_Likoni

Hapana hapana hapana ndugu yangu, usimwambie mtu hivyo. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, yakulaza usingizi na huamki. Kila mwaka wakati wa baridi twasikia familia zimekutwa chumbani na jiko. Tenti ni chumba kidogo zaidi ya hicho. Na hata jiko la gesi pika nje, upepo ukizidi pika kwenye kibaraza cha tenti milango yote iwe wazi.

Mimi ni fundi wa gesi, niwaambie kidogo. Ndani ya mtungi ni maji ya gesi, lazima yachemke yawe hewa ndo jiko liwake. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, ikipoa zaidi ya hapo yabaki maji na jiko lakufa. Propeni huchemka hata kwenye -42. Kwa hiyo ile mitungi myembamba mirefu ya majiko ya pikniki mara nyingi ni butani tupu, haifai. Nunua mtungi wa kambi wenye mchanganyiko, soma ubavuni. Juu mlimani hewa ni nyepesi kwa hiyo gesi huchemka kwa urahisi kidogo, lakini mtungi wenyewe wazidi kupoa kadiri unavyotumia, mpaka wafanya umande na barafu nje. Lala nao ndani ya slipingi begi pamoja na hiyo simu, asubuhi wawaka vizuri. Na usipande nao ndege, nunueni Nairobi au Nanyuki.

Jambo jingine watu wa pwani tulisahau: maji Shipton huchemka kama nyuzi 86 tu, sio 100. Mbaazi wala maharagwe hayaivi, utamaliza mtungi. Bebeni vya kuiva haraka. Mimi ningelibeba tende, kashata za njugu na haluwa, ni mafuta na sukari tupu, mwili wapata kuni za kuwasha usiku. Kula kidogo kabla tu ya kulala.

Mama_Bondeni

Samahani naingia pembeni kidogo. Mwanangu yumo kwenye safari kama hii na wasiwasi wangu ni udhu wa alfajiri kwa maji yale. Mliopita mlifanyaje?

Binti_Majengo

Shikamoo mama, si pembeni, ni kitu cha kupangia vifaa kabisa. Sisi tulitumia maji ya ile chupa ya moto, vuguvugu, kikombe kimoja chatosha mtu. Miguu ndo shida, ukiiosha saa kumi alfajiri ukaiingiza kwenye soksi ikiwa mbichi hutaipasha tena. Mwenzetu mmoja alikuwa na khufu, zile soksi za ngozi, alizivaa akiwa na udhu na msafiri ana ruhusa ya kupangusa juu yake siku tatu, usiku na mchana. Mwambie amuulize ustadhi wake kabla hajaondoka, na abebe kitaulo kidogo cha kukaushia kati ya vidole.

Mama_Bondeni

Marahaba mwanangu, Mungu akuhifadhi. Ntamnunulia.

Mla_Mofa_Norwei

Niongeze moja ambayo haina kifaa. Nyinyi mwatoka mita sifuri. Kichwa kikiuma sana, kichefuchefu, mtu akianza kutembea kama amelewa, hakuna jaketi la kumsaidia, dawa ni kushuka hapo hapo hata kama ni usiku. Na ukiweza laleni Nanyuki usiku mmoja kabla, iko karibu mita 1,950, mwili waanza kuzoea. Mmoja wenu akisema hajisikii vizuri aaminiwe mara moja, asibembelezwe aendelee.

Mwana_Kisauni

Narudi na ripoti, wiki mbili zimepita.

Viatu vya binamu. Nilibonyeza kwa kucha kama Beli_Kongowea alivyosema, kidole kikaingia. Nikakikunja, kikatoa mlio kama kaukau na kipande cha kisigino kikaanguka sakafuni, cheusi, chanata mkononi. Nilikaa nacho pale nikawaza kama hiki kingelitokea juu ya Shipton. Ahsante sana ndugu, sana. Nimepata vingine Kongowea kwa elfu mbili mia tano, nimekagua mstari mzima pande zote, na ni saizi moja zaidi.

Jaketi la nyuzi za kutengeneza, shilingi 700. Suruali ya upepo 300. Jezi mbili za poliesta na flisi moja zote 900. Glavu za ndani na za nje 600. Mkeka wa sponji niliagiza Nairobi, na wa kujaza upepo nikapata wa kutumika, R yake 3.2 yasomeka bado karibu na kizibo. Vyote viwili 6,800. Shuka la flisi fundi ameshona kwa 400 juu ya blanketi tulilokuwa nalo. Imebaki elfu mbili mia nane ya gesi na mitungi.

Alafu nikataka kujua kama dada Binti_Majengo asema kweli kuhusu mgongo, sio kwamba simwamini, ila nilitaka mwili wangu ujue kabla. Nina rafiki auza samaki karibu na Liwatoni, jioni wakishafunga hubaki na vipande vikubwa vya barafu. Tukavipanga chini kama godoro, juu turubai. Nikalala kwanza na sponji peke yake, nimevaa nguo zote na niko ndani ya slipingi begi, joto la Mombasa juu yangu nyuzi thelathini nafoka jasho usoni. Dakika ya kumi na mbili nikaanza kuihisi, kwanza kwenye mifupa ya nyonga, alafu mabegani, alafu kisigino. Jasho usoni na baridi kwenye nyonga kwa wakati mmoja. Nikaweka na ule wa upepo juu ya sponji, nikalala dakika arobaini, rafiki yangu akanywa kahawa vikombe viwili akinisubiri. Sikuhisi kitu. Wenzangu watatu walikuwa wamesimama pale watazama, kesho yake wote wamekwenda kununua mkeka wa pili.

Swali la mwisho. Kikoi nibebe au niache? Sijawahi kusafiri bila kikoi.

Binti_Majengo

Mashallah umenifurahisha, na hilo la barafu ntalitumia kuwafundisha wengine. Kikoi beba lakini kiache Nanyuki kwenye mzigo wa nguo safi. Ukishuka ukaoga maji ya moto ndo wakivaa.

Mwana_Kisauni

Tumerudi salama alhamdulillahi. Watatu tumefika Lenana saa kumi na mbili na dakika ishirini, jua latoka na Batian, kilele kirefu kuliko vyote, imesimama mbele yetu yote nyekundu. Wa nne kichwa kilimuuma Shipton, akashuka na msaidizi wa mwongozaji mpaka Old Moses, kufika huko akaomba chakula.

Kilichofanya kazi: mikeka miwili, nimelala masaa sita bila kuzinduka na nje maji yameganda. Glavu mbili. Chupa kichwa chini. Seti ya kulalia, siku ya pili tulinyeshewa na ile seti ilikuwa kavu. Tende zikawa ngumu kama mawe asubuhi, haluwa pia, wekeni mfukoni ndani ya jaketi zilainike. Ambacho sikutumia ni sweta zote mbili, nimezibeba bure kilo moja na nusu. Slipingi begi nimeianika juani leo na nimeitundika kabatini bila kuikunja, manake kwa unyevu huu ikikaa kwenye mfuko wake itapata kuvu.

Mikeka yangu miwili iko hapa Kisauni. Anayepanda mwezi wa saba aniandikie aje aichukue, arudishe ikiwa safi.

Mama_Bondeni

Mwanangu asema ataka yeye kwanza, wa kwake ni mmoja tu. Atakuja Jumamosi baada ya adhuhuri.

Mwana_Kisauni

Aje mama, ntamngoja. Na aje na viatu vyake tuvibonyeze.